Historia ya Kisanduku cha Pikipiki

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakipita kila siku bila kukitupia jicho. Ni ile nafasi ndogo iliyofichwa nyuma ya kifuniko cha ubavuni mwa pikipiki, au chini ya kiti chake. Ukimwomba kijana wa bodaboda akufungulie, kwa kawaida utakuta tambara lenye oili, spana moja namba kumi, plagi ya zamani iliyofungwa kwenye karatasi, na pengine noti iliyokunjwa mara nne kwa ajili ya siku ya dhiki. Nafasi yote ni kama viganja viwili vilivyounganishwa.

Mtu anaweza kuuliza, je, kijishimo kama hicho nacho kina historia? Naam, kinayo, tena historia yenye mafunzo. Maana tangu pikipiki ilipovumbuliwa, watengenezaji na waendeshaji wamekuwa wakishindana na swali moja: katika chombo kisicho na buti wala paa, ni kitu gani kisichofaa kukosekana, na kitawekwa wapi? Kila walipokubaliana kwamba kitu fulani ni cha lazima, walikitafutia mahali. Na kitu ambacho hakikutafutiwa mahali, kilibaki nyumbani. Naomba msikilizaji uliweke neno hilo akilini, kwa sababu mwisho wa mazungumzo haya tutalirudia kwa jambo linalogusa uhai wa watu wetu.

Tuanze na mwanzo. Mwaka 1885, huko Ujerumani, Gottlieb Daimler na mwenzake Wilhelm Maybach waliunda chombo cha mbao chenye magurudumu mawili makubwa, na mengine mawili madogo ya pembeni ya kukizuia kisianguke, kikiendeshwa kwa injini ya petroli. Novemba ya mwaka huo kijana wa Daimler, Paul, alikiendesha kutoka Cannstatt hadi Untertürkheim. Chombo kile hakikuwa na mahali pa kuweka hata leso. Wala hakikuhitaji, kwa kuwa shabaha yake ilikuwa kuijaribu injini tu.

Haja ya nafasi ilikuja pikipiki zilipoanza kuuzwa na watu wakaanza kusafiri nazo mbali na nyumbani. Pikipiki za miaka ya mwanzo ya karne ya 20 zilikuwa zikiharibika mara kwa mara. Nyingi zilizungushwa kwa mkanda badala ya mnyororo. Mvua ikinyesha mkanda uliteleza, ukichakaa ulikatika, na mwendeshaji alipaswa kuuunga mwenyewe kando ya barabara. Vali za injini zilivunjika. Tairi zilitobolewa na misumari ya viatu vya farasi iliyozagaa njiani. Kwa hiyo zikazuka zile pochi za ngozi, zilizofungwa nyuma ya kiti au kando ya keria, zikiwa na mikanda na bakoli kama mkoba wa shule. Ndani yake mlikuwa na spana, kiungio cha mkanda, vali ya akiba, plagi, viraka na gundi. Mtu wa siku zile akitoka nyumbani bila pochi hiyo, alijua kwamba huenda akarudi kwa miguu.

Mwaka 1915 binti mmoja Mmarekani, Effie Hotchkiss, alisafiri kutoka Brooklyn, New York, hadi San Francisco kwa pikipiki ya Harley-Davidson, mama yake Avis akiwa amekaa katika kigari cha ubavuni. Barabara nyingi za magharibi mwa nchi ile zilikuwa za vumbi na mawe. Walipokuwa katika jimbo la New Mexico waliishiwa chubu za akiba. Walichofanya ni kuchukua blanketi, wakalikata na kulikunja mviringo, wakalishindilia ndani ya tairi, kisha wakaendelea na safari. Watu wetu wa vijijini hawatashangaa, kwani wapo waliokwisha kujaza majani katika tairi la baiskeli ili wafike nyumbani. Kinachonivutia mimi ni kwamba blanketi lile halikupakiwa kwa kazi hiyo. Lilikuwa la kujifunika usiku. Pale penye nafasi finyu, kitu chenye kazi mbili kina thamani kuliko vitu viwili.

Wakati huohuo Ulaya ilikuwa vitani. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, simu za waya zilikatwa na mizinga kila siku, na majeshi yakategemea matarishi wa pikipiki kupeleka amri. Waingereza walitumia sana pikipiki ya Triumph, ile iliyoitwa Model H, ambayo waendeshaji wake waliibatiza jina lenye maana ya "mwaminifu". Zipatazo 30,000 zilitengenezwa kwa ajili ya jeshi. Nyuma yake palikuwa na keria, na kwenye mbavu za keria hiyo masanduku ya ngozi ya vifaa. Barua yenyewe haikuwekwa humo. Ilikaa katika mkoba begani mwa tarishi, kwa sababu pikipiki ikitumbukia katika shimo la bomu, mtu aliweza kuiacha akakimbia na ujumbe wake. Matarishi wengine walibeba mgongoni vikapu vyenye njiwa wa kupeleka habari, kwa kuwa ndege hai hawezi kufungwa kwenye chuma kinachotikisika na kupata moto.

Hapa pana utaratibu ambao hata leo ni sahihi. Kitu cha kuiokoa pikipiki kinakaa kwenye pikipiki. Kitu ambacho ndicho sababu ya safari kinakaa na mtu.

Baada ya vita wakaja wasafiri wa mbali. Mwaka 1932 Mmarekani kijana aliyesomea uchoraji wa majengo, Robert Edison Fulton, aliondoka London kwa pikipiki ya Douglas akaizunguka dunia, akafika New York Desemba 1933. Alibeba kamera ya sinema, na baadaye mwaka 1937 akachapisha kitabu juu ya safari hiyo. Katika pikipiki yake kulikuwa na nafasi ya siri. Kati ya tumbo la injini na bamba la chuma lililoikinga na mawe alificha bastola. Mahali ambapo mtu mwingine angeona mafuta na tope tu, yeye aliona ghala. Sisemi tufiche silaha, la hasha. Nasema kwamba pikipiki ina mapengo mengi, na mwenye macho huyaona.

Wanawake wawili wa Kiingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, walichagua njia tofauti. Waliondoka London tarehe 11 Desemba 1934 kwa pikipiki ya Panther yenye kigari cha ubavuni, na nyuma yake wakafunga trela. Walikata jangwa la Sahara, wakapita Kongo, Uganda, Kenya na Tanganyika, wakafika Cape Town tarehe 29 Julai 1935. Ni safari ya kishujaa, na nani atawalaumu kwa kubeba vitu vingi katika njia isiyo na maduka? Lakini injini moja ya silinda moja ilivuta watu wawili, kigari, trela na shehena yote katika mchanga. Injini hiyo iliwashinda jangwani, na ilibidi ifumuliwe na kuundwa upya Agadez. Nafasi ikiwa kubwa, vitu huongezeka hadi vikaijaza, na uzito wake huangukia injini, ekseli na tairi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yalibadilika, maana pikipiki iliacha kuwa chombo cha askari na wasafiri mashujaa, ikawa ya mtu wa kawaida anayekwenda kazini. Mwaka 1946 kampuni ya Piaggio ya Italia ilitoa Vespa, iliyobuniwa na Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege. Yeye aliiweka injini upande wa kulia, kando ya gurudumu la nyuma, akaifunika kwa bati lililotuna kama shavu. Ili chombo kipendeze kwa pande zote, upande wa kushoto nao ukawekewa shavu. Shavu hilo halikuwa na injini ndani, basi likawa mahali pa kuweka vitu. Baadaye kikaongezwa kijisanduku nyuma ya ile ngao inayokinga miguu. Karani wa Roma akapata mahali pa kuweka glavu, karatasi na mkate wake wa mchana.

Miaka 12 baadaye, mwaka 1958, Wajapani wakatoa Honda Super Cub. Inasimuliwa kwamba Takeo Fujisawa, mshirika wa Soichiro Honda, alitaka pikipiki ambayo kijana wa mgahawa wa tambi za soba angeweza kuiendesha kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili umeshika trei ya chakula. Kwa sababu hiyo klachi yake haikuhitaji kubinywa kwa mkono wa kushoto. Tangi la petroli likawekwa chini ya kiti, ili mbele pawe wazi na mtu aweze kupanda hata akiwa amevaa sketi. Baadaye kikabuniwa kifaa chenye springi cha kuning'iniza trei nyuma ya pikipiki ili mchuzi usimwagike. Kufikia mwaka 2017 jamii hiyo ya pikipiki ilikuwa imetengenezwa zaidi ya 100,000,000. Hakuna chombo kingine cha moto duniani kilichofikia idadi hiyo, nacho kilichorwa kwa kumfikiria mbeba tambi.

Naomba sasa msikilizaji usikilize kwa makini kidogo. Mwaka 1986 Japani ilitunga sheria ya kuwataka hata waendeshaji wa pikipiki ndogo za cc 50 wavae helmeti. Mara moja pakatokea taabu: mtu akifika sokoni, helmeti aiweke wapi? Kuibeba ni kero, kuiacha juu ya kiti ni kumkaribisha mwizi. Watengenezaji wa skuta wakalijibu swali hilo kwa chuma na plastiki. Wakaanza kutengeneza skuta zenye shimo chini ya kiti, lenye ukubwa wa helmeti moja, linalofungwa kwa ufunguo. Sheria ilikiamuru kitu, na chombo kikakitengea mahali.

Turudi sasa Afrika, ambako historia ya nafasi ndogo imeandikwa zaidi na wahudumu wa afya. Mwaka 1974 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kupanua chanjo kwa watoto wa dunia nzima. Chanjo nyingi zinapaswa kukaa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Zikipata joto zinapoteza nguvu, na baadhi, kama ile ya dondakoo, kifaduro na pepopunda, zikiganda zinaharibika vilevile. Katika vijiji visivyofikiwa na gari, chanjo hizo husafiri kwenye keria ya pikipiki, ndani ya kisanduku chenye kuta nene zinazozuia joto.

Ukikiona kwa nje ni kikubwa kama ndoo. Ukikifungua, sehemu kubwa ni kuta, kisha vipande vinne vya barafu vilivyopangwa kuzunguka, na katikati inabaki nafasi ya lita moja au mbili hivi. Hapo ndipo zinapokaa chupa za chanjo za kijiji kizima. Barafu yenyewe haiwekwi ikiwa imetoka tu kwenye friza. Huachwa nje kwanza hadi ukiitikisa usikie maji yanacheza ndani, ndipo iingizwe, ili isizigandishe chupa zilizo karibu nayo.

Niliwahi kufuatana na mhudumu mmoja wa chanjo katika njia za milimani, na nilijifunza mengi kwa kumtazama tu akifunga mzigo. Chini ya kisanduku alitandika gunia lililokunjwa ili kupunguza mtikisiko, kisha akakikaza kwa mipira ya chubu iliyokatwa vipande virefu. Niliuliza kama ningeweza kutia humo chupa yangu ya maji ya kunywa yapate ubaridi. Alicheka, akaniambia, "Mzee wangu, ukifunua kwa ajili ya kiu yako, joto linaingia kwa watoto wa watu." Katika kisanduku cha ubavuni alikuwa na viraka, gundi, plagi, spana mbili na kipande cha waya. Chubu ya akiba aliikunja na kuifunga chini ya taa ya mbele. Sanduku la karatasi ngumu la kutupia sindano zilizotumika lilikuwa mahali pake peke yake, mbali na chakula, maana alijua kwamba wakati wa kurudi litakuwa limejaa. Alipanga mzigo wa kwenda akiwa amekwisha kuufikiria mzigo wa kurudi.

Basi tuje kwa jirani yetu wa kila siku, dereva wa bodaboda. Jina hilo lilitoka mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, ambako tangu miaka ya 1960 vijana wa baiskeli walivusha abiria kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Baadaye pikipiki ikachukua nafasi ya baiskeli, na leo hakuna mji wala kijiji katika nchi zetu usiokuwa na kijiwe cha pikipiki. Sheria za Kenya, Uganda na Tanzania zinataka dereva na abiria wote wawili wavae helmeti. Na faida yake si hadithi. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba helmeti humpunguzia mwendeshaji wa pikipiki aliyepata ajali hatari ya kufa kwa kiasi cha asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa kiasi cha asilimia 69.

Sasa nakuuliza, msikilizaji, katika pikipiki zinazofanya kazi hiyo mitaani kwetu, helmeti ya abiria inakaa wapi? Nimetazama vijiwe vingi. Kwa kawaida haina mahali. Ikining'inizwa kwenye usukani, inamsumbua dereva akikata kona. Akiivaa mkononi kama kikapu, inamzuia kushika breki vizuri. Ikifungwa kwenye keria, abiria wa pili akija na gunia la mkaa, inafunguliwa na kuachwa kijiweni. Baada ya siku chache haionekani tena. Halafu tunasema vijana hawa ni wakaidi. Wapo wakaidi, sikatai. Lakini Wajapani walipotaka helmeti ivaliwe, waliitengenezea shimo chini ya kiti. Sisi tunanunua chombo kilichochorwa bila kumfikiria abiria wa kulipa, kisha tunashangaa kwamba kitu chake hakimo.

Kwa hiyo nina mapendekezo machache, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

Kwanza, mwenye pikipiki amwendee fundi wa kuchomelea, amwekee kulabu imara au kikapu kidogo cha nondo nyembamba ubavuni, chini ya kiti cha abiria, upande usio na bomba la moshi. Hapo ndipo nyumbani kwa helmeti ya pili. Pasiwekwe kitu kingine. Vitambaa vyepesi viwili vitatu vilivyofuliwa vikikaa ndani yake, abiria hatakuwa na kisingizio cha jasho la mtu mwingine.

Pili, kile kisanduku cha ubavuni kitolewe takataka na kipangwe upya. Viraka, gundi, spana zinazohusu pikipiki hiyo hasa, plagi nzima iliyojaribiwa, kipande cha waya na jozi ya glavu za mpira kwa ajili ya kumsaidia majeruhi bila kugusa damu. Vyote vikunjwe ndani ya tambara moja, ili visigongane, na tambara lenyewe litumike kufutia mikono. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini gundi ya viraka hukauka ndani ya tyubu yake na plagi hushika kutu. Kila mwisho wa mwezi kifunguliwe kikaguliwe.

Tatu, uzito uwekwe chini na karibu na katikati ya pikipiki. Mzigo mzito ukikaa nyuma kabisa, nje ya ekseli ya nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi, na usukani huanza kucheza pale pale unapouhitaji. Vitu vyepesi ndivyo vikae nyuma na juu.

Nne, wenye kununua pikipiki nyingi kwa pamoja, kama vyama vya madereva, mashirika na idara, wamwulize muuzaji kabla ya kulipa: helmeti ya abiria itakaa wapi? Mnunuzi mmoja akiuliza, muuzaji atatabasamu. Chama chenye wanachama mia tano kikiuliza, atampigia simu mtengenezaji. Makampuni haya yamekwisha kuonyesha kwamba yakisikia haja ya watu, hata ya mbeba tambi, yanaweza kuchora chombo kipya.

Kuna watakaosema kwamba dawa ni polisi wengi zaidi barabarani. Polisi ni lazima wawepo. Hata hivyo, askari anaweza kumlazimisha dereva aoneshe helmeti siku moja penye kizuizi. Hawezi kumfuata njia nzima hadi shambani, wala kuwapo usiku mama anapokimbizwa hospitali kujifungua. Saa hiyo kitakachosaidia ni kile kilichokuwamo tayari kwenye pikipiki kabla dharura haijatokea.

Leo jioni, kama unayo pikipiki, au kijana wako anayo, fungueni hicho kifuniko cha ubavuni mtazame kilichomo. Kisha ulizaneni kitu gani hakimo, na ni kwa sababu gani hakimo. Hadi juma lijalo panapo majaliwa, kwaherini.